Kura ya 60: jinsi mwafaka wa vyama viwili unavyojengwa na kuvunjika Washington

Habari za siasa za Marekani zinapotufikia kwa Kiswahili, seneta wa msimamo wa wastani huelezwa kana kwamba ni mtu mpole asiyependa ugomvi. Maelezo hayo yanapotosha, kwa sababu upole haujawahi kupitisha mswada. Ukitaka kujua kama mwafaka utafika mezani kwa rais, weka hotuba pembeni uhesabu kura: 60 katika Seneti, 218 katika Baraza la Wawakilishi wote wakiwapo. Halafu uliza swali ambalo wachambuzi wengi hulisahau: aliyetoa ile kura ya 60, akirudi jimboni kwake atakingwa na nani?

Nianze na hesabu. Seneti ina wajumbe 100, wawili kwa kila jimbo. Mswada wenyewe hupita kwa wingi wa kawaida, lakini haupigiwi kura mpaka mjadala ufungwe, na kufunga mjadala kunataka kura 60. Maseneta 59 wakiutaka na 41 wakikaza, umekwama. Mbinu hii ya kuzuia huitwa filibasta. Kanuni ya kufunga mjadala iliwekwa mwaka 1917 ikidai theluthi mbili ya kura. Mwaka 1975 ikateremshwa hadi 60. Wala seneta wa leo halazimiki kusimama akaongea usiku kucha. Upande wake ukitangaza kwamba hautaruhusu mjadala ufungwe, imetosha.

Uteuzi wa mawaziri na majaji umeshatolewa kwenye kanuni hiyo. Wademokrati walianza mwaka 2013 wakaibakiza Mahakama ya Juu, na mwaka 2017 Warepublikan wakamalizia hiyo iliyobaki. Upo pia mlango wa pembeni: sheria ya bajeti ya 1974 inaruhusu mswada wa kodi na matumizi upite kwa wingi wa kawaida, ila kila kifungu ambacho hakigusi fedha za serikali, au kinazigusa kwa bahati tu, huchujwa. Sheria za silaha, uhamiaji au uchaguzi hazipenyi hapo kirahisi. Kwa mambo hayo, chama chenye wingi mdogo hakina budi kubisha hodi kwa jirani.

Barabara, madaraja na mabomba

Mfano mzuri wa kujifunzia ni sheria ya miundombinu ya 2021. Seneti ilikuwa imegawanyika 50 kwa 50, hivyo Wademokrati walihitaji Warepublikan 10. Kazi ilibebwa na maseneta 10, watano kila upande, wakiongozwa na Rob Portman wa Ohio na Kyrsten Sinema wa Arizona.

Walichofanya kwanza ni kukata ukubwa wa mswada, na kwangu hiyo ndiyo hatua iliyouokoa. Walibakiza vitu vinavyoshikika: barabara, reli, maji, umeme, intaneti ya kasi. Malezi ya watoto na utunzaji wa wazee, ambavyo Rais Biden alivitaka pia, vilisukumwa kwenye mswada mwingine ambao Wademokrati wangejaribu kuupitisha peke yao kwa ule mlango wa bajeti. Kila upande ukapata kitu cha kuwaambia watu wake bila kusema uongo.

Kisha likaja suala la nani analipa. Warepublikan hawakutaka punguzo la kodi la 2017 liguswe. Biden alikuwa ameahidi kutopandisha kodi kwa anayepata chini ya dola 400,000 kwa mwaka, kwa hiyo kodi ya petroli nayo ikatoka. Hapo ndipo mwamba ngoma alipovutia kwake, kila mmoja, mpaka yakabaki makombo: fedha za Covid ambazo hazijatumika, mnada wa masafa ya mawasiliano na vyanzo vidogo vidogo. Pendekezo la kuimarisha ukusanyaji wa kodi liliondolewa Julai baada ya wahafidhina kulipinga. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba mswada ungeongeza dola bilioni 256 kwenye nakisi ndani ya miaka 10. Huu ni ugonjwa wa kudumu wa mwafaka wa Washington. Kukubaliana kutumia ni rahisi kuliko kukubaliana kulipa, na anayesifu maafikiano aseme na hilo.

Kuhusu takwimu, chunga. Ile dola trilioni 1.2 inayotajwa kila mahali inajumuisha matumizi ambayo yangefanyika hata bila mwafaka. Fedha mpya zilikuwa takriban dola bilioni 550, zikiwemo bilioni 110 za barabara na madaraja, 66 za reli, 65 za intaneti na 55 za maji.

Jambo lilikaribia kuharibika mara mbili. Tarehe 24 Juni Biden alitangaza mwafaka, na siku hiyohiyo akasema hatausaini ikiwa ule mswada mwingine hautaletwa pamoja nao. Kwamba miswada hiyo miwili ilikuwa na uhusiano kila mtu alikuwa anajua. Kosa lilikuwa kuutamka siku ileile, maana Warepublikan waliokuwa wamekubali walionekana kama ngazi ya kupandia mswada wanaoupinga. Siku mbili baadaye ilimbidi atoe taarifa ndefu ya kujirekebisha. Mara ya pili ni 21 Julai, Chuck Schumer, kiongozi wa Wademokrati katika Seneti, alipoitisha kura ya kuanza mjadala kabla rasimu haijakamilika, ikaanguka 49 kwa 51. Ukiona kiongozi wa wengi amepiga kura ya hapana kwenye mswada wake mwenyewe, kama Schumer siku hiyo, usishangae. Kanuni inamruhusu aliyekuwa upande ulioshinda pekee kuomba kura irudiwe.

Wiki moja baadaye hoja hiyo ya kuanza mjadala ilipita 67 kwa 32. Tarehe 10 Agosti mswada ukapita 69 kwa 30, Warepublikan 19 wakiunga mkono, na miongoni mwao kiongozi wao Mitch McConnell. Kura ya McConnell ndiyo iliyokuwa kinga ya wengine 18. Mwanachama wa kawaida akilaumiwa kwao anaweza kusema kiongozi wake naye aliona faida. Barazani, tarehe 5 Novemba, kura zilikuwa 228 kwa 206. Wademokrati 6 walikataa, na bila Warepublikan 13 waliovuka mstari mswada ungekufa.

Kwa nini mpaka ulishindikana

Sasa linganisha na mwafaka wa Februari 2024 kuhusu mpaka wa Marekani na Mexico. James Lankford, mhafidhina wa Oklahoma, alijadiliana kwa miezi na Chris Murphy wa Connecticut na Sinema, ambaye wakati huo hakuwa tena na chama. Kifurushi kilikuwa cha dola bilioni 118, ndani yake msaada kwa Ukraine na Israeli. Rasimu ya kurasa 370 ilitolewa Jumapili tarehe 4. Jumatano tarehe 7 ilikufa 49 kwa 50, Warepublikan 4 tu wakiunga mkono.

Kosa la kwanza lilikuwa ukimya. Mazungumzo yalifanyika faraghani, jambo la kawaida na la lazima, lakini uvumi ulitangulia rasimu kwa wiki kadhaa. Namba 5,000 ndiyo iliyoumiza zaidi. Mswada ulisema wastani wa watu wanaokamatwa mpakani ukifika 5,000 kwa siku kwa siku 7 mfululizo, serikali italazimika kufunga njia nyingi za kuomba hifadhi. Wapinzani wakaieneza kama ruhusa ya kuingiza watu 5,000 kila siku. Rasimu ilipotoka, tafsiri hiyo ilikuwa imeshaota mizizi.

La pili ni kwamba Donald Trump, aliyekuwa akielekea kuwa mgombea, aliupinga hadharani, na Spika Mike Johnson alikuwa ametangaza kwamba hautapita kwake. Kwa nini seneta ajitoe mhanga kwa mswada ambao Baraza halitaupokea? McConnell aliyeruhusu mazungumzo naye akapiga kura ya hapana. Lankford akabaki bila mwamvuli.

La tatu halisemwi sana: mswada ulikosa mizani. Mwaka 2013 maseneta 8 walibadilishana ulinzi wa mpaka kwa njia ya uraia kwa mamilioni waliokuwa nchini bila vibali, na Seneti ikapitisha 68 kwa 32. Mwaka 2024 hapakuwa na njia ya uraia hata kwa waliopelekwa Marekani wakiwa watoto, hivyo Wademokrati kadhaa walikataa pia.

Lakini huo wa 2013 nao uliishia wapi? Spika John Boehner hakuuleta kabisa ukumbini. Spika wa Republican hufuata desturi isiyoandikwa, iliyopewa jina la Spika wa zamani Dennis Hastert, ya kutoleta mswada usioungwa mkono na wengi wa chama chake. Kwa hiyo 218 haitoshi ikiwa imechanganyika vibaya. Johnson aliivunja desturi hiyo Aprili 2024: msaada wa Ukraine ulipita 311 kwa 112, wakati Warepublikan wenyewe walikuwa 101 wa ndiyo na 112 wa hapana. Wenzake wa chama walipojaribu kumng'oa mwezi Mei, Wademokrati wengi walisaidia kuizima hoja hiyo, 359 kwa 43. Kevin McCarthy, Spika aliyemtangulia, aliyetegemea kura za Wademokrati kuzuia serikali kufungwa mwishoni mwa Septemba 2023, hakupata msaada wa aina hiyo. Siku tatu baadaye aliondolewa 216 kwa 210.

Nyuma ya haya yote kuna kura za mchujo. Mahali ambapo chama kimoja kina uhakika wa kushinda, mbunge humwogopa mpinzani wa ndani. Richard Lugar wa Indiana alikaa Seneti miaka 36 kabla ya kuangushwa kwenye mchujo wa 2012, na aliyemwangusha akashindwa na Mdemokrati mwezi Novemba. Alaska imebadili mpangilio: tangu 2022 wagombea wote huwekwa kwenye karatasi moja, wanne wa kwanza huendelea, na Novemba mpiga kura huwapanga kwa mpendeleo wake. Lisa Murkowski, aliyeshindwa mchujo wa chama chake mwaka 2010 na kuokolewa na waliomwandika kwa mkono, alishinda 2022 kwa mfumo huo.

Mwafaka uliofika kwetu

PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi katika nchi nyingine, ulianza na sheria ya 2003 iliyopita Barazani 375 kwa 41: dola bilioni 15 kwa miaka 5, na Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zikiwa kwenye orodha ya kwanza. Waliounganisha majina yao ni Henry Hyde, Mrepublikan wa Illinois, na Tom Lantos, Mdemokrati wa California. Hakuna aliyekuwa mtu wa katikati. Hyde ndiye aliyejulikana kuliko wote kwa kupinga utoaji mimba, na hiyo ndiyo iliyokuwa thamani yake. Mhafidhina aliyemfuata hakuweza kuambiwa amelegea.

Bei yake ilionekana kliniki kwetu. Theluthi ya fedha za kinga ilitengewa kuhimiza watu kusubiri hadi ndoa, na mashirika ya dini yaliruhusiwa kukataa kazi ya kondomu. Upande wa pili ulipata fedha nyingi za dawa na mchango kwa Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria. Sheria ya 2008, yenye majina ya wawili hao waliokuwa wameshafariki, iliiondoa ile theluthi ikaweka sharti la kutoa ripoti, na fedha zikafika dola bilioni 48.

Mwaka 2023 Chris Smith wa New Jersey, ambaye mwenyewe alidhamini sheria ya kuuongezea mpango huu muda mwaka 2018, alidai masharti mapya kuhusu utoaji mimba. Tarehe 30 Septemba muda wa baadhi ya vifungu ukaisha. Dawa ziliendelea kwa sababu fedha hutengwa kwa sheria nyingine ya kila mwaka. Machi 2024 nyongeza ilipatikana ndani ya kifurushi cha matumizi ya serikali, safari hii ya mwaka mmoja badala ya mitano, hadi 25 Machi 2025.