Kadi ya mpiga kura na uchaguzi wa mtaa

Wengi huamini kwamba mwenye kadi ya mpiga kura anaweza kumchagua mwenyekiti wa mtaa bila kujiandikisha tena. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa kadi hiyo ndiyo ya kuchagulia rais, mbunge na diwani.

Tanzania Bara, hata hivyo, uchaguzi wa mtaa una orodha yake, inayoandaliwa upya mtaa kwa mtaa. Mwaka 2024 watu walijiandikisha tarehe 11 hadi 20 Oktoba, wakapiga kura 27 Novemba. Hata raia asiye na kadi aliandikishwa, ilimradi ni mkazi wa hapo aliyefikisha miaka 18.

Orodha hubandikwa hadharani kabla ya kura. Nenda kaitafute, usome jina lako mwenyewe. Likikosekana, omba marekebisho mapema, maana siku ya kura umeshachelewa.