Bongoyo si shamba la bibi

Vijana wengi wa Dar wanaamini anayekatazwa ni mvuvi wa baruti tu. Wewe mwenye miwani, mapezi na mkuki, eti zama popote. Sivyo. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, pamoja na maji yanayovizunguka, ni hifadhi tangu 1975. Humo hapavuliwi kabisa, hata changu mmoja wa kitoweo. Kiingilio ulicholipa ni cha kuogelea na kutazama matumbawe (nayo yanatosha kukushibisha macho), si kibali cha kuvua.

Nje ya hifadhi? Sheria ya Uvuvi ya 2003 inataka leseni. Muone kwanza afisa uvuvi wa manispaa, umuulize na kuhusu zana yenyewe, kabla hujatoa hela.