Mazoezi Yanayokufaa, na Dawa za Presha Usizopaswa Kuacha

Lazima niende jimu?
Hapana. Zoezi ni mwendo wowote unaokufanya uhemeke kiasi kwamba kuongea unaweza, kuimba huwezi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Unaweza kuzigawa kumikumi.

Nakaa dukani kutwa. Nitazipata wapi?
Shuka kwenye taksi steji moja kabla ya yako, umalizie kwa miguu kwa mwendo wa mtu aliyechelewa. Kampala ina vilima vya kutosha. Dakika kumi za kupanda Naguru si mchezo. Dukani, kalia stuli imara, simama bila kushika kitu, kaa tena polepole. Fanya mara 10, pumzika, rudia. Siku mbili kwa wiki zinatosha kuanzia. Toa pumzi unaponyanyuka, kwa maana kubana pumzi hupandisha presha ghafla. Ndivyo ilivyo hata kwa kunyanyua jerikeni la lita 20.

Mimi ni wa boda boda. Jumapili nakimbia kilomita 10, vipi?
Siku sita juu ya pikipiki halafu kilomita 10 kwa mkupuo: magoti na kano za kisigino ndizo zitakazolipa. Anza kwa kutembea haraka wiki mbili, kisha changanya: kimbia dakika moja, tembea mbili.

Natembea kila siku na najisikia vizuri. Niache vidonge vya presha?
Hapana, usiache. Kwa mwenye presha, mazoezi kwa kawaida hushusha namba ya juu kwa pointi 5 hadi 8. Kama bila dawa ulikuwa 170, utabaki juu ya 160, na tunataka ushuke chini ya 140. Kujisikia vizuri si kipimo, kwani presha hupanda bila kuuma popote. Wanaoletwa vituo vya afya na kiharusi, mdomo umepinda na mkono hauinuki, wengi nao walikuwa wakijisikia vizuri.

Hata kama mwezi jana nilipimwa 128/80?
Hata hivyo! Vidonge ndivyo vilivyochangia namba hiyo. Usiache, usimeze siku moja na kuruka ya pili, usimgawie jirani. Peleka daftari lako la matibabu kituo cha afya, umwambie mhudumu kuhusu mazoezi yako. Kupunguza dozi ni kazi yake, tena baada ya kupima.

Na mwenye kisukari?
Dawa zako pia usiache. Kama unadunga insulini au unameza glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari), usitembee na njaa, kwa maana sukari yaweza kushuka mno. Beba soda yenye sukari. Ukitokwa jasho baridi na kutetemeka, simama, kunywa nusu chupa ya mililita 300, subiri dakika 15. Usipopata nafuu, kunywa iliyobaki uende kituoni, usiende peke yako.