Kuwa na tiketi za bagi oflaini, maana yake nini hasa?

Mtu wa IT akikwambia "tiketi zangu ninazo oflaini" wengi wanajua jamaa kasevu ukurasa kwenye laptopu basi yamekwisha. Hiyo ni nusu ya habari, tena ile nusu rahisi.

Tiketi ni rekodi ya tatizo moja la programu (tatizo lenyewe ndo bagi), yani nani kaliona, linatokeaje, nani kapewa alirekebishe, limefikia wapi, afu chini yake watu wanajibizana na kubandika picha za skrini. Zinakaa kwenye seva, ndani ya mfumo kama Jira au Bugzilla (huu wa pili ni wa tangu 1998, walioanza nao ni Mozilla) na wewe unazisoma kwa brauza, sasa mtandao ukikata huna kitu. Na huku kusini mwa Tanzania kukatikiwa tunakujua, Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Lindi kwenda Dar pale Somanga, siku chache mbele nyaya za baharini nazo zikapata hitilafu, intaneti ikawa ya kubembeleza.

Chukulia fundi anatoka Mtwara mjini anapanda Newala msimu wa korosho, kaitwa kwenye ghala la chama cha msingi maana risiti inatoka na uzito wa mkulima aliyepita. Ndani ya ghala simu inasoma kijiti kimoja kinachokuja na kuondoka. Kabla ya safari alidownlodi orodha ya tiketi kwa CSV, yani faili la jedwali la maandishi matupu, anaifungua anakuta namba, kichwa cha habari, hali, jina la aliyepewa, basi. Kumbe orodha ya CSV ya Bugzilla inabeba safu tu, maoni hayamo, na jibu lilikuwa kwenye maoni, mwenzake aliandika kwamba ukibonyeza kuprinti kabla mizani haijatulia programu inachukua namba ya zamani. Sa hapo foleni ya wakulima inamwangalia yeye.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya oflaini ni kopi kamili, maelezo na maoni na viambatisho vyote. Viambatisho ndo vinasahaulika sana, tiketi inafunguka vizuri maandishi yote yapo ila penye picha kuna kiboksi cheupe, maana kilichohifadhiwa ni linki ya picha, picha yenyewe imebaki kwenye seva.

Hatua ya pili ni kuandika. Kopi ya kusoma tu inasaidia lakini mtu aliyeko saiti anataka kuongeza maoni pale pale wakati jambo bado liko kichwani. Programu iliyotengenezwa kwa kazi hii inayaweka maandishi yako kwenye foleni mpaka mtandao urudi. Mylyn, inayokaa ndani ya Eclipse (programu ya kuandikia programu), inafanya hivyo, inahifadhi tiketi kwenye mashine yako na kukuwekea alama kuonyesha ipi ina mabadiliko yako ambayo hayajaenda na ipi imeguswa na wengine.

Afu inakuja ya tatu, na kwangu mimi dhana nzima iko hapa: kupatanisha. Ni kama karani mwenye daftari mbili, moja ipo ofisini moja kaibeba, jioni lazima zisome sawa. Wewe uko Newala umeandika tiketi imetatuliwa, wakati huo huo mtu wa ofisini kaikabidhi kwa mwingine na kuandika tatizo limejirudia Masasi. Nani ashinde? Maoni hayana ugomvi, yanapangwa tu moja chini ya jingine, shida ni zile sehemu zenye jibu moja kama hali, mhusika na kipaumbele. Bugzilla ikigundua mwenzako kabadilisha tangu ulipofungua inakusimamisha, inakuonyesha alichofanya, unaamua mwenyewe. Fossil, mfumo wa kutunza matoleo ya programu wa D. Richard Hipp, yule aliyetengeneza hifadhidata ya SQLite, ina njia nyingine, tiketi zinasafiri pamoja na msimbo wa programu kwenye kila mashine na kila badiliko lina muda wake, yanasomwa kwa mpangilio wa muda na la mwisho kwenye sehemu husika ndo linabaki. Git-bug nayo inaweka tiketi ndani ya hazina ya Git yenyewe, Git ikiwa ni mfumo mwingine wa kutunza matoleo ya programu. Raha yake huhitaji seva kabisa kufanya kazi, ila saa ya laptopu yako ikiwa imepotea kwenye Fossil mpangilio unaweza kuvurugika.

Kwa maoni yangu ukiwa nje andika maoni utakavyo ila hali ya tiketi usiiguse mpaka uone upya wa ofisini. Na diski ya laptopu iwe imefungwa kwa nywila ya kweli, maana tiketi za namna hii zina majina ya wakulima na kiasi walichopima, na mabegi hupotea kwenye mabasi kila siku.

Kujua kama uko tayari ni rahisi, washa hali ya ndege ukiwa bado ofisini afu fungua tiketi ile ndefu kuliko zote, shuka mpaka maoni ya mwisho, bonyeza kila picha. Ukirudi penye mtandao vuta kwanza ya wenzako, soma, ndo utume yako.