Kutenganisha DNA ndefu kwa umeme: yanayoaminika na yaliyo kweli

Kila anayeingia maabara ya jenetiki hufundishwa kwamba DNA ina chaji hasi, hukimbilia upande chanya wa jeli umeme unapopitishwa, na kipande kifupi hukitangulia kirefu. Ni kweli, lakini kanuni hiyo ina mpaka, na mpaka huo husahaulika mno.

Dhana: Vipande virefu visipotengana, ongeza muda au volti.

Katika jeli ya kawaida ya agarosi, yaani utomvu wa mwani ulioganda, ukishapita takriban jozi za besi 50,000 (jozi za besi ndizo vipimo vya urefu wa DNA), urefu hauamui tena mwendo. Molekuli hujinyoosha kuelekea kule umeme unakovuta na kupenya vitundu vya jeli kichwa mbele, kama nyoka kichakani. Ndefu na ndefu zaidi huenda kasi moja, zikaishia kwenye utepe mmoja mnene. Muda ukiongezwa, utepe wote husogea tu. Volti zikiongezwa, hali huwa mbaya zaidi, maana molekuli hunyooka upesi na jeli hupata joto.

Mwaka 1984 David Schwartz na Charles Cantor, wa Chuo Kikuu cha Columbia, walionyesha njia ya kutenganisha kromosomu nzima za hamira: kubadili uelekeo wa umeme tena na tena. Kila unapobadilika, molekuli hulazimika kujipanga upya kabla ya kusonga, na iliyo ndefu hukawia kugeuka. Kinachotenganisha hapo ni muda wa kugeuka, na kwangu huo ndio uzuri wote wa mbinu hii.

Dhana: DNA iliyosafishwa kwa njia ya kawaida inatosha.

Haitoshi. Kuivuta kwa pipeti peke yake hukatakata molekuli ndefu, na kazi nyingi huharibika hapa kabla umeme haujawashwa. Badala yake, seli huchanganywa zikiwa hai na agarosi iliyoyeyuka, ikaachwa igande. Kisha sabuni na proteinasi K, kimeng'enya kinachovunja protini, huondoa kila kitu kingine. DNA hubaki nzima ndani ya kipande hicho, nacho huwekwa moja kwa moja kwenye kishimo cha jeli.

Dhana: Kromosomu huhesabiwa kwa hadubini tu.

Za vimelea vya malaria hazijikunji vya kutosha kuonekana vizuri. Ni jeli hizi zilizosaidia kuthibitisha kwamba *Plasmodium falciparum* ana kromosomu 14. Kwa *Trypanosoma brucei*, anayeletwa na mbung'o na kusababisha malale, zilifichua pia kromosomu ndogo zipatazo mia moja, nyingi zikiwa na akiba ya jeni za gamba la protini analolibadilisha ili kuikwepa kinga ya mwili.

Dhana: Basi hata kromosomu za binadamu hutenganishwa nzima.

Mbinu hii hufika takriban jozi milioni 10. Kromosomu ya binadamu iliyo ndogo kuliko zote inazidi milioni 40, hivyo lazima ikatwe kwanza kwa kimeng'enya kinachokata mara chache, kama NotI.