Volti 91: leseni ya fundi wa spika na kamera hapa California

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa Tanga, hana hata mwaka hapa Sacramento, alinipigia simu na furaha ya mtu aliyeokota pesa. "Kaka, nimepata kazi. TV ya inchi 85 ukutani, spika tano, sabufa na kamera mbili za nje. Dola 2,800, vifaa juu yangu." Nikamuuliza leseni iko wapi. Akacheka. "Leseni ya nini, kaka? Huu si umeme, ni waya wa spika."

Nilimwelewa, maana hata mimi nilikuja na fikra hiyo hiyo. Nyumbani TANESCO wakitaja msongo mdogo wanazungumzia nyaya za volti 400 na 230 zinazoingia majumbani, zile zinazoua. Waya wa spika hauhesabiki. Fundi dishi anapanda juu ya bati, picha ikishika anakunja hela yake anaondoka. California mpaka wameuweka kwingine. Bodi ya leseni za makandarasi, CSLB, ina daraja zima kwa ajili yetu, linaitwa C-7: mifumo ya mawasiliano na umeme mdogo usiozidi volti 91. Simu, muziki, kebo za TV, kamera, dishi, hadi zile taa ndogo za bustani, zote zimo humo.

Msamaha upo, na ndio unaowaponza wengi. Kazi isiyofika dola 1,000, vifaa na ufundi kwa pamoja, unaweza kuifanya bila leseni, mradi hukuajiri mtu na kazi yenyewe haidai kibali cha ujenzi. Mpaka mwisho wa 2024 kiwango kilikuwa dola 500. Na usijidanganye kwamba utaikata ile ya 2,800 vipande vitatu uandike risiti tatu. Sheria imeshalifikiria hilo, inaihesabu kuwa kazi moja.

Ukikamatwa kwa mara ya kwanza faini inaweza kufika dola 5,000, na jela hadi miezi sita. Kinachonitisha mimi zaidi ni kingine. Asiye na leseni hawezi kumshtaki mteja aliyegoma kulipa. Zaidi ya hapo, mteja aliyekwisha kulipa anaweza kwenda mahakamani akadai arudishiwe kila senti, pamoja na bei ya spika ulizonunua kwa fedha yako. Hata kama kazi imetulia na sauti inamwagika sebuleni.

Kijana alikuwa ameshapokea nusu. Hapo nikashika kichwa, kwa sababu hata sisi wenye leseni haturuhusiwi: malipo ya awali ya kazi za nyumbani hayazidi asilimia 10 ya mkataba au dola 1,000, kilicho kidogo kati ya hivyo. Kwa mkataba wake hiyo ni dola 280.

Sasa tuje ukutani kwenyewe. Kuta za huku ni mbao na bodi za jasi, ndani kuna uwazi, na kila mteja anataka nyaya zipotee humo. Chukua kebo ya HDMI uisome ubavuni, herufi ndogo zilizopigwa chapa kwenye plastiki. Ukiona CL2 au CL3, hiyo imepimwa kwa moto na inaruhusiwa kupita ndani ya ukuta. Isipokuwa na herufi hizo ibaki nje. Lakini ule waya wa umeme wa TV, wenye plagi, haupiti ukutani kamwe. Kanuni za umeme zinakataza waya laini wa kifaa kufichwa ndani ya ukuta, na mafundi wengi wa TV wanaupenyeza kwenye tundu lile lile la HDMI kisha wanaziba. Mteja anataka soketi nyuma ya TV? Hiyo ni volti 120, ni kazi ya mwenye C-10, fundi umeme kamili. Mimi humwita, namlipa, nalala usingizi.

C-7 haigusi mifumo ya ving'ora vya moto. Ving'ora vya wezi navyo vina leseni yao ya pembeni, ya ofisi nyingine, BSIS.

Kibali ni jambo la jiji, na leseni haikifuti. Miji mingi inatumia maandishi yanayosamehe nyaya za chini ya volti 25 zisizoweza kutoa zaidi ya wati 50. Fundi akisoma hapo anafurahi, anafunga kitabu. Pole pole, bwana. Kamera zake zinakula umeme kupitia waya wa mtandao, na huo ni kama volti 48. Umeshatoka nje ya msamaha bila kujua. Mimi hupiga simu ofisi ya majengo ya jiji husika kabla ya kutoboa, dakika kumi tu.

Kupata C-7 si siri. Miaka minne ya ufundi ndani ya 10 iliyopita, ithibitishwe na mtu aliyeiona kazi yako. Mitihani miwili, wa ufundi na wa sheria na biashara. Alama za vidole. Na dhamana ya dola 25,000, ambayo huiweki mfukoni mwako bali unailipia ada kwa kampuni ya dhamana. Asiye na namba ya Social Security anaweza kutumia ITIN, ile namba ya mlipa kodi. Hapo ndugu zetu wengi hudhani mlango umefungwa.

"Basi kaka, niandike namba yako kwenye mkataba?" Hapana. Kuazimisha leseni kunaniponza mimi kabla yake. Amerudisha zile dola 1,400 na amempa mteja simu yangu. Jumatatu anaanza kwangu kama mwajiriwa, na nimemwambia aje na daftari: tarehe, mtaa, waya gani ulipita wapi. Ile miaka minne inaanza kuhesabiwa siku hiyo.