Kufuta package-lock.json si dawa

Watumiaji wa npm, programu ya kusakinisha vifurushi vya msimbo wa JavaScript, wameambiana kwa miaka: mradi ukigoma, futa node_modules na package-lock.json, kisha sakinisha upya. Nusu ya kwanza haina madhara. Node_modules ni folda ya nakala tu za vifurushi vilivyopakuliwa, hujengwa tena. Balaa iko kwenye nusu ya pili.

Katika package.json, faili linaloorodhesha vifurushi ambavyo mradi unavihitaji, kwa kawaida huandikwa upeo wa matoleo, si toleo moja. "^4.17.1" ni toleo lolote kuanzia 4.17.1, mradi lisifike 5.0.0. Faili la package-lock.json, lililokuja na npm 5 mwaka 2017, ndilo linaloshika toleo kamili la kila kifurushi, hata vile usivyoviomba ila vimeletwa na vingine, pamoja na alama ya sha512 ya kuhakiki kilichopakuliwa. Ukilifuta, npm huchagua matoleo upya. Kosa laweza kutoweka kweli, ila umebadili pengine makumi ya vifurushi kwa mkupuo, na hujui kipi kilikuwa na kasoro.

Badala yake, andika `npm ci`. Hufuta node_modules yenyewe na kufuata faili la package-lock.json neno kwa neno. Likipishana na package.json, husimama na kutoa kosa. Ukishuku kifurushi kimoja, `npm ls` ikifuatwa na jina lake huonyesha kimeletwa na nani.